Kadi ya CF kama diski kwenye ThinkPad T42: itawaka, ila soma haya kabla hujashika bisibisi

Mwalimu mmoja wa huko Kondoa kaniuliza swali, nalifupisha ili wengine mnielewe. Ana laptopu ya ThinkPad T42 aliyoachiwa na shemeji yake, diski imeanza kugonga ko-ko-ko na mashine inaganda mpaka anakata tamaa. Kazi zake ni kutunga mitihani, kujaza matokeo na kusoma PDF, basi. Huyo shemeji ana studio ya picha, kampa kadi ya CF (CompactFlash) ya GB 32 iliyokuwa kwenye kamera ya zamani, na kuna kijana kamwambia anunue adapta, aichomeke kadi humo, aitumbukize pale inapokaa diski. Anauliza: ni kweli au anapigwa? Anaweza kupiga Windows XP kama ilivyokuwa mwanzo? Na itadumu au ni kutupa hela? Mwishoni kaongeza mawili: kaambiwa betri itakaa mara mbili, na je, vumbi ndo linaua diski?

Mwalimu wangu, ni kweli kabisa, itawaka. Huyo kijana hajakudanganya, ila kakwambia nusu. Kuichomeka ndo sehemu rahisi, shida zinaanza baada ya pale.

Kabla ya yote, hiyo diski inayogonga USIIWASHE tena kwa kazi za kawaida. Kila ukiiwasha unaikaribisha kaburini, na najua matokeo ya kidato cha nne yamo humohumo. Tafuta flashi yenye Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) ya kuwashia, chomeka diski ya nje ya USB, halafu tumia programu ya ddrescue kunyonya kila kinachosomeka. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inachukua kwanza sehemu nzima nzima, zile mbovu inazirudia mwishoni, na ikikatika njiani inaendelea pale ilipoishia mradi umeipa faili la kumbukumbu. Usikopi kwa kuburuza mafolda na panya, ikikuta sehemu mbovu itang'ang'ania pale mpaka diski ife mikononi mwako.

Haya, sasa kwanini CF inakubali wakati flashi ya USB haikubali. Hii kadi SanDisk walipoitoa mwaka 1994 waliipa uwezo wa kuongea lugha ileile ya diski za IDE za enzi zile. Ina pini 50, na pini ya 9 ikikuta imeunganishwa na graundi wakati umeme unaingia, kadi inajitambulisha kwa mashine kuwa mimi ni diski ya IDE, na mashine haiulizi tena. Kwahiyo adapta yenyewe haina akili yoyote, ni njia za shaba tu zinazotoa pini 50 za kadi kuzipeleka kwenye pini 44 za laptopu. Ndo maana ni ya bei ndogo. Adapta za memori kadi ndogo za SD ni kitu kingine, zile zina chipu ya kutafsiri katikati na nyingi ni goigoi, sikushauri.

T42 iko upande wako kwa sababu kuitoa diski ni kazi ya dakika chache. Toa chaja, toa betri (watu wanasahau betri!), igeuze, kuna skrubu moja chini inayoshika diski, ukiitoa diski unaivuta pembeni inateleza na kifuniko chake cha plastiki. Kile kifuniko kimeshikwa na skrubu ndogo kwenye diski, kitoe ukitunze utakihitaji.

Hapo sasa tulia uiangalie diski kwa macho yako. Utaona safu mbili za pini, alafu kuna nafasi, alafu pini nne zimejitenga peke yake. Zile nne ni za jampa (kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili ili kuchagua mpangilio), sio za data. Hesabu upande wenye data utakuta kuna pini moja haipo katikati, ile ni ya 20, imetolewa makusudi ili usichomeke kinyume. Pini ya 1 ipo upande wa hizo nne za jampa, na umeme wa volti 5 unaingia mwisho wa pili, pini ya 41 na 42. Nakwambia haya kwa sababu adapta nyingi za bei rahisi hazijaziba hilo tundu la 20 wala hazina nafasi ya kuzuia, unaweza ukaichomeka imesogea safu moja na isikatae. Ukiwasha hivyo umeme unaenda kusikotakiwa, na kadi ya shemeji inakuwa kumbukumbu. Kwenye T42 ni mbaya zaidi maana hakuna kebo, diski inaingia moja kwa moja kwenye soketi ndani gizani huoni kitu. Kwahiyo unaponunua adapta dai ile iliyofungwa kwenye fremu ya saizi ya diski ya inchi 2.5 yenye matundu ya skrubu palepale diski ilipokuwa nayo, ukiifunga kwenye kile kifuniko cha plastiki inaingia kwenye mstari wake yenyewe. Iwe na pini dume kama diski, sio soketi jike, kuna watu wananunua jike alafu wanaanza kutafuta kebo.

Ukikosa yenye fremu, ukapata ile kipande cha bodi tu, utatengeneza mwenyewe. Kata kipande cha plastiki ngumu, lile boksi la CD linafaa, kipimo kiwe cha diski, fungia bodi juu yake kwa skrubu ndogo na ujaribu urefu wa pini ukilinganisha na diski ya zamani kabla hujaingiza. Chini ya bodi weka tepu ya fundi umeme maana zile ncha za lehemu zikigusa bati la ndani utasikia harufu. Ukimaliza itikise, kadi isicheze, kwenye pikipiki ya kwenda shule kitu kinachocheza hakichukui wiki.

Kwenye adapta kuna jampa ya masta na slevu, yaani diski kuu na ya pili, weka masta. Nyingine zina jampa ya volti 3.3 na 5, weka 5 maana ndo umeme soketi inaotoa, na kadi za CF kwa kawaida zinakubali zote mbili.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza watu wengi na hakuna anayewaambia dukani, DMA. Diski ikiwa na DMA inapeleka data kwenye RAM yenyewe, prosesa inaendelea na mambo yake. Bila DMA mashine inashuka kwenye kitu kinaitwa PIO, prosesa inabeba kila tone kwa mkono, na kasi ya juu kabisa kwenye makaratasi ni MB 16.6 kwa sekunde. Kadi yako kama sio ya kizamani sana ina DMA. Laptopu inayo. Ila adapta za mwanzoni walikuwa hawaunganishi zile njia mbili za DMA, labda kuokoa shaba, sijui walikuwa wanaokoa nini, na mpaka leo zipo sokoni zimechanganyika na nzuri. Kinachotokea ni kwamba kadi inasema naweza DMA, laptopu inasema haya tuanze, njia hakuna, mashine inaganda, inasubiri, inajaribu tena, inaganda. Mtu anasema kadi mbovu kumbe ni adapta. Tafuta iliyoandikwa UDMA (ndo DMA ya kasi) kwenye bodi au kwenye pakiti, na ukishawasha Linux hakikisha mwenyewe:

sudo dmesg | grep ata

Utaona mstari unaosema configured for UDMA/66 au UDMA/33 au PIO4. UDMA/66 safi. UDMA/33 pia usilie, mara nyingi juu yake kuna mstari unaosema imepunguzwa kwa sababu ya kebo ya waya 40, ni mashine imejihami tu, na MB 33 kwa sekunde haipishani sana na diski uliyokuwa nayo. PIO4 ndo kilio. Na kama inaganda kabisa haifiki hata kwenye dawati, kwenye menyu ya kuwashia ongeza libata.dma=3, hiyo inazima DMA kwa kadi za CF peke yake, itawaka polepole lakini itawaka, utavumilia mpaka upate adapta nyingine.

Windows XP. Hapa nitakuudhi kidogo mwalimu. Kadi nyingi za kamera zinajitambulisha kwa mfumo kuwa ni kitu cha kuchomoa, sio diski ya kudumu. Linux haijali. Windows inajali sana: inakuonyesha partisheni (yaani kigawanyo cha diski) moja tu, na faili lake la kumbukumbu ya ziada inakataa kuliweka hapo, alafu inakulalamikia kila ukiwasha. Zipo kadi za viwandani zinazojitambulisha kama diski ya kudumu, ila kadi ya studio sio hizo. Kuna ujanja wa kuweka driva ya kuidanganya Windows, watu wanafanya, mimi sioni faida kwa sababu Microsoft waliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na mashine unayochomekea flashi za wanafunzi ukiiweka XP ni kuitafutia virusi. Tena XP inaanza partisheni kwenye sekta ya 63, haiendani na vipande vya ndani ya flashi, kwahiyo mara nyingi inachoandika kinagusa vipande viwili badala ya kimoja.

Weka Linux ya biti 32. Debian 12 ndo ya mwisho kuwa na kisakinishi cha biti 32, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imeacha, kwahiyo usipakue mpya ukashangaa haiwaki. Au antiX ya biti 32, nayo ni Linux ila nyepesi zaidi na kwa T42 mimi ndo ningeanza nayo. Kama kisakinishi kikilalamika prosesa haina PAE (uwezo fulani wa prosesa kutumia RAM nyingi) ongeza neno forcepae pale kwenye menyu, Pentium M za aina hiyo zinayo ila hazisemi. LibreOffice itakufungulia mitihani yako yote ya Word, mistari ya majedwali inaweza kuhama kidogo, ukishatunga hifadhi PDF ndo upeleke kuchapisha.

Haya sasa kasi, maana najua unategemea ndege. Kusoma itakufurahisha. Diski ya kuzunguka ikitafuta faili inachukua milisekunde kumi na kitu kila mara, kadi haifiki hata moja, kwahiyo mashine inawaka chapu na programu zinafunguka. KUANDIKA ndo kuna kasheshe. Kadi ya kamera imefundwa kumeza picha kubwa kubwa moja baada ya nyingine. Kompyuta haiandiki hivyo, inaandika vitu vidogo vidogo, hapa KB 4, pale KB 4, kila saa. Na flashi haiwezi kubadilisha KB 4 peke yake, lazima ichukue kipande kizima, inaweza kuwa MB nzima au zaidi, ikihamishe, ifute, iandike upya. Ni kama umekosea jina la mtoto mmoja kwenye matokeo yaliyokwisha chapwa kwa taipureta, unarudia karatasi nzima. Matokeo yake unafungua intaneti, kila kitu kinaganda sekunde mbili tatu alafu kinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo sio ubovu, ndo tabia yake.

Dawa ni kupunguza kuandika. Kwanza RAM. T42 inakubali mpaka GB 2, sehemu mbili za GB 1 kila moja, DDR ya zamani sio DDR2, na kama una MB 512 usianze na kadi, anza na RAM. Usiweke swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kwenye kadi, weka zram ambayo inabana vitu ndani ya RAM yenyewe. Kwenye faili la /etc/fstab, lenye orodha ya partisheni, weka noatime na commit=60 ili isiandike kila faili likisomwa na isiandike kila sekunde tano. Folda ya /tmp iwe tmpfs, yaani iishi kwenye RAM, na keshi ya Firefox ielekeze huko. Partisheni ianze MB 1 toka mwanzo, visakinishi vya sasa vinafanya hivyo vyenyewe usiviguse.

Kuna ushauri utaukuta unazunguka kila mahali kwamba ukifomati tumia ext2, au uzime jenali (daftari la mfumo linalookoa mafaili umeme ukikatika) kwenye ext4, ili kadi isichakae. Kwa mtu wa Ulaya sawa. Wewe betri ya T42 saivi sidhani kama inamaliza hata robo saa, umeme ukikatika mashine inazima palepale, na bila jenali siku moja utawasha ukute mafaili yamechanganyikana. Acha jenali. Uchakavu wake ni mdogo kuliko hasara ya mtihani wa muhula kupotea usiku wa kuamkia siku ya mtihani.

Itadumu? Tupige hesabu kidogo. Flashi za aina hii kila kipande kinavumilia kufutwa kama mara elfu tatu hivi, nyingine zaidi. GB 32 mara 3,000 ni kama TB 96. Sasa kwa sababu ya ile habari ya kurudia karatasi nzima, chukua sehemu ya kumi tu, TB 9 na kidogo. Wewe hutaandika hata GB 2 kwa siku. Inaenda miaka kumi na ushee kwenye karatasi. Lakini kadi za kamera hazina akili nyingi ya kugawa uchakavu sawasawa, na yako imeshapiga harusi nyingi huko studio, kwahiyo toa unachotaka kutoa kwenye hiyo miaka, na usiijaze mpaka pomoni. Tatizo kubwa zaidi ni namna inavyokufa. Diski inagonga, inakuaga, unapata muda. Kadi inakuwa nzima saa nne asubuhi, saa tano haionekani kwenye BIOS (ile skrini ya mipangilio ya mashine kabla ya kuwaka). Matokeo ya wanafunzi yawe na kopi kwenye flashi nyingine kila Ijumaa, na flashi hiyo isikae kwenye begi moja na laptopu.

Kabla ya kuifunga ipime. Iweke kwenye kisoma kadi kwenye kompyuta nyingine ya Linux, hakikisha shemeji kashatoa picha zake, ifomati, kisha f3write inaijaza mafaili mpaka mwisho na f3read inayasoma yote kuona kama yamerudi vilevile. Ikionyesha hata sekta chache zilizoharibika achana nayo. Kwa kadi ya studio nina wasiwasi na uzee tu, ila wanaonunua mpya mtaani hii pima ni lazima, kuna kadi zimeandikwa GB 64 ndani ni 8, inakubali kila kitu unachoweka alafu inakirudia kuandika juu ya cha zamani kimyakimya.

Kwa watakaotaka kununua kadi ili wafanye hivi, mimi nasema msinunue. Hela ya kadi nzuri mpya ya CF inakaribia au inapita SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya aina ya mSATA iliyotumika pamoja na adapta yake ya pini 44, ile yenye chipu ya kugeuza SATA kuwa IDE. Hiyo ndo diski ya kweli, inaandika vitu vidogo bila kuganda na inajitambulisha kama diski ya kudumu. Kwa Dodoma mjini utabahatisha, Kariakoo zipo na mzigo unakuja na basi. Angalia tu iwe mSATA, au M.2 ya SATA kwenye adapta ya M.2, ile M.2 ya aina ya NVMe haitaonekana kabisa. Na wenye T43 mjue mashine yenu ndani ina kigeuzi chake cha SATA, ukiweka diski isiyoitambua inakuletea onyo la 2010 kila ukiwasha, mara nyingi unabonyeza Esc inaendelea. T42 haina hayo mambo. Mwalimu wewe kadi umepewa bure, kwahiyo nunua adapta tu ujaribu, ukichoka na kuganda ndo uhamie mSATA, na skrubu zako ni zilezile.

Mambo mawili madogo umeyaandika mwishoni. Betri haitakaa mara mbili, aliyekwambia hivyo kakosea, diski inakula kama wati 2 ikifanya kazi na kadi inakula chini ya nusu ya hapo, ila prosesa na kioo ndo walaji wakubwa. Na vumbi la huku kwetu kiangazi haliui diski, tundu lake la hewa lina chujio, vumbi linaua feni na kuziba njia ya hewa, na joto ndo linamalizia. Hiyo feni ukishafungua mashine ipulize na brashi laini. Diski nyingi nazopokea kutoka vijijini zimeuliwa na mtikisiko, na ndo maana toka T41 mwaka 2003 IBM waliweka kihisi kinachosimamisha vichwa vya diski mashine ikidondoka. Kwa kadi hakina kazi tena, bebea kwenye pikipiki upendavyo. Ila hizi T42 usizinyanyue kwa kona moja zikiwa zimefunguka, bodi inapinda na chipu ya picha inaachia lehemu, hapo hata adapta ya dhahabu haisaidii.

Ukishaweka ukakuta PIO4 nitumie ule mstari wa dmesg pamoja na picha ya adapta pande zote mbili, juu na chini, nikuangalizie kama njia za DMA zimeunganishwa.